Fundi Bernadina na Pini za Mdomoni

Kama umewahi kununua koti la mitumba Dongobesh na mikono yake ikakuishia pale inapotakiwa, mshukuru Bernadina. Mimi naitwa Safina, na kwa karibu miaka thelathini cherehani yake imekaa kwenye baraza la duka letu. Naandika habari zake kwa sababu akizieleza mwenyewe hujipunguzia, na wengine wakizieleza huongeza chumvi. Mimi nitaongeza kidogo tu.

Alikuja mwaka 1988. Kabla ya hapo kitambaa kilikuwa kitu cha foleni na kibali. Ulikuwa unapanga mstari tangu alfajiri, na ukifika dirishani unaambiwa kimekwisha. Ndipo biashara ikafunguliwa. Baba mkwe wangu, mzee Shumbana, akafuta vumbi kwenye rafu akaanza kuleta vitambaa tena, na baadaye marobota ya mitumba. Makoti ndiyo yaliyokimbia kuliko vyote, maana baridi ya huku Mbulu haina utani. Lakini Wazungu walioyavaa kwanza walikuwa na mikono mirefu mno. Mtu wa Dongobesh akivaa, vidole vinapotea kabisa.

Siku moja ya gulio akatokea mwanamke kutoka Tlawi, na punda amembebea cherehani ya miguu. Alimwamkia mama mkwe vizuri, akaulizia ng'ombe, watoto na mvua. Kisha akasema, "Mama, mnawauzia watu wadogo makoti ya watu wakubwa. Nipeni kivuli hapo nje, mimi nitawapunguza hao Wazungu."

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Kivuli akapewa.

Bernadina hakutupa hata mkono mmoja wa koti. Vipande alivyokata alivigeuza kofia za watoto, na kuna kizazi kizima cha Dongobesh kilichokwenda shule na mkono wa Mzungu kichwani. Mkoa wetu ulipogawanywa, tukalala Arusha tukaamka Manyara bila kuhama hata hatua moja, yeye ndiye aliyeshona vitambaa vya kuning'iniza barabarani siku ya sherehe. Alishona mpaka mkoa mzima ukaning'inia.

Sifa yake kubwa ilikuwa kwenye vidole vya mkono wa kulia. Alikuwa akikutana na nguo anashika pindo, analiviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, macho kayafumba, halafu anatoa hukumu. "Hili limeshonwa na mtu mwenye haraka." "Hili limeshonwa na mtu mwenye njaa." Mimi nilikuwa namwambia ni mchawi. Yeye alikuwa ananiambia, "Mama Abduli, wewe uza vifungo, uchawi niachie mimi."

Na alikuwa na tabia ya mafundi wote, ya kubana pini mdomoni. Sasa hapo ndipo palipokuwa na shida. Baraza letu liko njiani, na watoto wa shule wakipita kila mmoja lazima aamkie. Shikamoo fundi, shikamoo fundi, arobaini kwa mkupuo. Kwetu huku mtu mzima asiyeitikia shikamoo ya mtoto ni kama amemtangazia kwamba ana kinyongo naye, na mtoto akifika nyumbani atasema, na mama yake atakuja kuuliza. Mwezi wake wa kwanza Bernadina alijaribu kuitikia na pini mdomoni, nusura ameze moja. Tangu siku hiyo nikachukua kazi. Nikisikia shikamoo barazani nami niko ndani napima sukari, naitikia kwa sauti, "Marahaba!" Watoto wakazoea kwamba fundi huamkiwa nje na kuitikia kutoka dukani. Heshima si utumwa, lakini hii yangu ilikaribia.

Kwa hiyo mnaelewa nilivyojisikia mwaka 2016, pale mkono ule ulipoanza kumgeuka.

Alikuwa anashona sare za kwaya. Vidole vya mkono wa kulia vikaanza kucheza vyenyewe, kama mtu anayepiga ngoma mezani, na cherehani ikapiga mstari wa uzi kutoka begani mpaka tumboni. Dakika moja hivi, kisha mkono ukalegea. Akacheka, akasema Mungu hataki waimbaji wa soprano wavae bluu. Mimi sikucheka. Mara ya tatu sindano ilipita kwenye ukucha wake, na hapo naye akaacha kucheka.

Mwanawe wa kwanza, Yohanes, mwalimu wa sekondari kule Hirbadaw, alimpeleka hospitali. Picha ya kichwa ikaonyesha kivimbe kidogo upande wa kushoto, akaandikiwa rufaa ya Dar es Salaam. Yohanes alikuwa na wanafunzi wa mtihani. Mumewe, mzee Margwe, alisema angekwenda ila ng'ombe wake hawamzoei mtu mwingine. Basi nikafunga duka nikaenda mimi. Mwanaume akisema ng'ombe hawamzoei mtu mwingine, ujue anaogopa kulia mbele za watu.

Daktari wa upasuaji aliitwa Tadeo. Kijana mwembamba, koti jeupe, adabu mpaka inakera. Alimwamkia Bernadina, akaniamkia mimi, akamwamkia hata mzee wa usafi aliyekuwa anapita na ndoo. Alilelewa na bibi yake, alituambia, na hilo lilionekana.

"Mama," alimwambia Bernadina, "kivimbe chenyewe si cha kutisha sana. Tatizo ni jirani yake. Upande huu wa ubongo kuna sehemu inayoamuru mkono wa kulia. Kama kivimbe kiko pembeni ya sehemu hiyo, nitakitoa chote na mkono utabaki. Kama kimekaa ndani yake, nikikitoa nitauondoa na mkono."

"Na ukikiacha, baba?"

"Kitakua. Na mkono utaendelea kukuruka."

Bernadina akauangalia mkono wake uliolala magotini. Sijawahi kuuona umelala mchana. "Utajuaje kiko wapi?"

"Tutapima damu."

Akamnyooshea mkono palepale. "Chukua."

"Hapana mama, hatutoi hata tone. Tutaipima ikiwa humohumo kichwani. Sehemu ya ubongo ikianza kazi, mishipa midogo ya hapo inatanuka na damu inajaa. Ikipumzika, damu inapungua. Kuna kipimo cha MRI kinachoweza kuona mahali kiasi cha damu kilipoongezeka. Wewe utachezesha vidole, kisha utapumzika, utachezesha, utapumzika. Pale damu inapojaa na kupungua kwa kufuata vidole vyako, ndipo penye mkono."

Mimi nilikuwa bado natafuta pa kuanzia kuelewa, Bernadina akaitikia kwa kichwa. "Ni kama kualika watu kulima," alisema. "Ukitaka kujua leo wanalima kwa nani, huna haja ya kuuliza. Unasimama mlimani unaangalia watu wamejaa shamba gani."

Daktari Tadeo akasema angetamani wanafunzi wake wangekuwa na akili hiyo. "Ila mashine yangu ina kituko kimoja, mama. Inapiga picha wakati ambapo damu haitoi mwanga. Kwa hiyo watu wakijaa shambani, shamba linafifia. Mimi sitafuti panapong'aa, natafuta panapofifia. Na kufifia kwenyewe ni kudogo sana. Kichwa kikisogea hata upana wa uzi, sioni kitu."

"Uzi gani?" Bernadina akauliza. "Namba ngapi?"

Operesheni ilipangwa keshokutwa. Kipimo kilikuwa kesho, saa saba, na mashine ilikuwa yetu kwa saa mbili tu, maana wagonjwa wengine walikuwa wamepanga benchi mpaka mlangoni.

Kesho yake tukaanza na chuma. Mle ndani kuna sumaku kubwa, na dada wa mashine, msichana mwenye sauti kali, alisema hakuna kuingia hata na kibanio cha nywele. Bernadina akasema hana kitu. Dada akapitisha kifaa chake, kikalia begani. Sindano, imechomekwa ndani ya kola. Kikalia kifuani. Pini mbili na rozari yenye msalaba wa chuma. Kikalia kiunoni. Pini ya kufunga, ya kuzuia sketi. Akavuliwa kitambaa cha kichwani, na humo kukawa na sindano mbili zenye uzi tayari, mmoja mweusi na mmoja mweupe. Dada akamwambia afungue na mdomo.

"Leo sikuja kushona," Bernadina akasema kwa hasira, "mdomoni hamna."

Akavalishwa gauni la hospitali. Akalipindua pindo kidogo, akakunja uso, lakini hakusema.

Mimi niliachwa chumba cha pili, nyuma ya kioo, pamoja na daktari na dada. Bernadina alilazwa kwenye kitanda chembamba, akawekewa vifaa vya kusikilizia masikioni na kimpira cha kubonyeza kama ana shida, akaingizwa ndani ya lile tundu mpaka zikabaki nyayo tu. Daktari akashika kipaza sauti.

"Shikamoo mama, unanisikia vizuri?"

Nikaona vidole vya miguu vinasogea. Alikuwa anaitikia kwa mwili mzima, kama anavyofanya nyumbani. Mashine ikaanza kugonga. Baada ya muda daktari akasema, "Chezesha vidole, mama." Halafu, "Hongera mama, sasa pumzika." Halafu, "Pole mama, tunaendelea." Na kila hongera ikapata asante yake, na kila pole ikapata nimeshapoa baba, na kila jibu likaja na kuinamisha kichwa, maana Bernadina hajui kushukuru na shingo iliyonyooka. Dakika kumi na tano zikaisha. Picha zikatoka kama sufuria ya makande.

Daktari akaenda kumweleza. Mama, usijibu. Mama, usiinamishe kichwa. Bernadina akaahidi. Na daktari, kijana mwenye akili, akaamua kumwondolea kishawishi. Mara ya pili hakuamkia wala hakusema pole. Alisema tu, "Chezesha." Kimya. "Pumzika." Kimya. "Chezesha."

Kengele ikalia. Bernadina amebonyeza kimpira.

"Mama, kuna nini? Unaumwa?"

Sauti ikatoka kwenye spika, ndogo na ya unyonge. "Baba, nimekukosea nini?"

Daktari akashika kichwa. Mgonjwa akatolewa nje, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, na nilipomfuata nikamkuta analia. Bernadina, niliyemwona akimzika mama yake kwa macho makavu!

"Mama Abduli," aliniambia, "huyu kijana kesho atanifungua kichwa. Akiniamkia nimnyime marahaba? Mtu uliyemnyima marahaba umpe kisu? Na asiponiamkia, nijue amekasirika, nilale mle ndani nimetulia?"

Dada wa mashine akaangalia saa ya ukutani, akasema zimebaki dakika ishirini na tano, ikishindikana tena tupangiwe mwezi ujao. Hapo nikapandisha hasira. Nilimwambia mwezi ujao akae yeye na kivimbe. Nilimwambia na mengine ambayo nitayaombea msamaha siku nyingine. Daktari Tadeo akasema taratibu kwamba si kosa la dada. Bila picha hiyo, alisema, hatafanya operesheni, maana hawezi kukata mahali asipopajua, hasa kwa mtu anayeishi kwa mkono.

Nikamwangalia Bernadina, gauni la hospitali, kichwa wazi, mkono wa kulia umeshika pindo la gauni unaliviringisha bila yeye kujua. Na midomo ameibana ili asilie zaidi. Ameibana hivyo, nikajiona niko dukani.

"Mama Yohanes," nikamwambia, "una pini mdomoni."

"Wamenikagua, hamna."

"Nakwambia unazo. Tano. Umezibana. Kichwa ukikitikisa zinakuchoma, na ukifungua mdomo unameza. Huyu kijana atakuamkia kama kawaida yake, mwache aamkie. Nani huwa anaitikia?"

Kisha akacheka, machozi yakiwa bado mashavuni. "Duka," akasema.

"Basi mimi niko dukani. Nenda kalale."

Daktari hakuelewa kitu, nikamweleza kwa maneno matano, akakubali kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Aliongeza jambo moja la maana. Alichana kipande cha shuka kuukuu, akampa ashike mkononi. "Usichezeshe vidole hewani, mama. Nikikwambia, viringisha pindo kama unavyoviringisha siku zote. Nikikwambia pumzika, liache."

Akarudi ndani. Mashine ikaanza kugonga.

"Shikamoo mama," akasema daktari.

"Marahaba!" nikaitikia kwenye kipaza sauti, kwa ile sauti yangu ya kupima sukari. Nyayo za Bernadina hazikusogea.

"Viringisha, mama." Sekunde zikapita. "Hongera mama, pumzika."

"Asante, baba, anasema."

"Pole mama, viringisha tena."

"Ameshapoa!"

Hivyo hivyo, dakika kumi na tano. Dada wa mashine mwanzoni alinikazia macho, mwishoni alikuwa amefunika mdomo kwa karatasi na mabega yanamtikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasoma dua zote nilizofundishwa madrasa Kondoa, katikati ya marahaba moja na nyingine. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kwamba zitatoka picha safi zenye habari mbaya.

Jioni daktari alituita kwenye kompyuta yake. Ubongo wa mtu ukiuona ni kitu cha kawaida tu, kama njugu iliyomenywa. Akatuonyesha sehemu iliyokuwa ikififia kila Bernadina alipoviringisha pindo na kurudi kila alipoliacha. Kompyuta ilikuwa imeipaka rangi ya chungwa. "Hapa ndipo watu wamejaa shambani," alisema. "Hapa ndipo ulipo mkono wako." Kisha akaonyesha kivimbe, rangi ya kijivu, jirani kabisa. Katikati yao kulikuwa na ukanda mwembamba mweusi.

"Viko mbalimbali," akasema. "Lakini nafasi ni ndogo, mama. Sikufichi. Ni kama nusu ya upana wa kidole."

Bernadina akainama karibu na kioo. Alipima ule ukanda kwa jicho, huku na huku, kama anavyopima kitambaa kisichotosha.

"Hiyo ni nafasi ya mshono," alisema. "Inatosha. Mimi nimepita kwenye ndogo kuliko hiyo, na kwenye suti ya padre. Wewe usiwe na haraka tu. Na kula kwanza, usikate ukiwa na njaa."

Operesheni ilichukua saa sita. Nilikaa kwenye benchi na sindano zake mbili, ile ya uzi mweusi na ile ya uzi mweupe, nimezichomeka kwenye mtandio wangu. Yohanes alipiga simu kila saa. Mzee Margwe alipiga mara moja, akauliza kama Dar kuna joto, akakata.

Walipomtoa alikuwa amelala. Daktari akaniambia kivimbe kimetoka chote, na kwamba mkono hautajulikana mpaka aamke, tena siku ya kwanza unaweza kuwa mzito. Nikakaa kando ya kitanda usiku kucha nauangalia ule mkono juu ya shuka. Haukusogea. Nilimwambia Mungu kwamba kama anataka mkono wa fundi achukue wangu, maana mimi nauza vifungo na wa kushoto unanitosha.

Asubuhi Bernadina alifumbua macho. Aliniona, akanitazama tu. Nikamwita, "Mama Yohanes." Kimya. Nikamuuliza kama anaumwa. Kimya, midomo imefungwa. Nikajua si mkono tu, wamemchukua na sauti.

Daktari Tadeo akaingia, macho mekundu, koti jeupe limekunjamana. Akasogea mpaka ubavuni mwa kitanda, upande wa kulia, akainama.

"Shikamoo mama."

Hakujibu. Nikamwona daktari anabadilika uso. Alisubiri, akatazama karatasi yake, akatazama tena mgonjwa. Na mimi nilipotaka kupiga kelele, nikaona shuka linasogea. Mkono wa kulia ulikuwa unatambaa, polepole, mzito kama mtu aliyetoka shambani. Ulifika ukingoni mwa kitanda. Ukapata pindo la koti la daktari. Kidole gumba kikaja juu, cha shahada kikaja chini, na kati yao lile pindo likaanza kuviringika, mara moja, mara mbili, mpaka vidole vikafika mahali uzi ulipoachia, vikasimama hapo.

Bernadina alikuwa amefumba macho. Midomo ameibana, kama mtu mwenye pini tano.

Nilifuta machozi kwa mtandio, nikajichoma na sindano yake.

"Marahaba, baba," nikamwitikia daktari. "Mwenzangu ana kazi mkononi."